Jina Ambalo Hakulitaja

Miaka ya hamsini, katika kanisa letu la misheni karibu na Tinde, hakuna aliyebatizwa bila kwanza kusimama na kuungama dhambi zake mbele ya wote. Wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, na kijana na msichana hawakuruhusiwa kuzungumza peke yao hata njiani.

Jumapili moja alisimama kijana aliyekuwa akitutengenezea madawati ya shule. Akasema anampenda msichana mmoja wa darasa letu la ubatizo, na kwamba wakati wa sala humtazama huyo badala ya kufumba macho. Jina hakulitaja. Akaketi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na mzigo akaniachia mimi.

Darasani tulikuwa wasichana watatu. Wiki nzima sikutulia. Niliunguza ugali, nikaenda kupalilia pamba nikang'oa na miche yenyewe. Wenzangu wawili walianza kuimba wakichota maji, nikawachukia wote wawili. Na ilisemekana mwisho wa mwezi yule kijana atapanda lori kwenda Geita, kutafuta kazi mgodini.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuungama. Hasira ilinisimamisha.

"Nimemkasirikia ndugu mmoja humu ndani," nikasema, "kwa sababu ya jina aliloshindwa kulitaja."

Mzee wa kanisa akaniuliza taratibu, "Jina la nani, binti yangu?"

"Langu, baba."