Kichwa Alichokificha Kinyozi

Kinyozi waliyemwita Mstari alikuwa na mdomo mchafu kuliko fagio lake. Jina lilitokana na mstari aliouchonga kwenye mapaji ya watu, umenyooka kama umepigwa rula, na kwa ajili ya mstari huo wateja waliyavumilia matusi yake. "Kichwa chako kina pembe nne, utadhani ulizaliwa ndani ya sanduku," alimwambia mtu mzima na ndevu zake, na mtu mzima akacheka, kwa sababu wembe ulikuwa shingoni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa mtoto wa kiume. Mtoto alipofikisha miezi mitatu, asubuhi moja mkono wa baba ulipita kisogoni ukakuta upande wa kulia uko bapa kama sabuni iliyotumika upande mmoja. Sikio la kulia nalo lilikuwa limesogea mbele kidogo. Mkono ule ulishapita juu ya maelfu ya vichwa, haukuhitaji kuambiwa.

Je, aliuliza tufanyeje? Thubutu. Alimsubiri mkewe arudi kutoka kazini. Mke alikanda mikate kwenye tanuri la mtaa wa pili, tangu alfajiri hadi adhuhuri, na saa zote hizo mtoto alishinda saluni na baba yake, katika kitanda kidogo cha mbao kilichobanwa kando ya ukuta.

"Umeniharibia mtoto," alimwambia, unga ungali kwenye nyusi za mwenzake. "Unamlaza kama gunia."

"Mimi namlaza usiku, baba mtoto. Mchana yuko kwako. Na mara zote anageukia upande mmoja tu, ule wa mashine yako ya kunyolea. Hamisha hicho kitanda, halafu twende hospitali."

"Hapa ni kazini kwangu. Wewe kapange mikate yako."

 Mwanamke hakushindwa, aliliweka neno kiporo.

Hospitali Mstari hakuitaka, na sababu yake ilikuwa ya kijinga: fundi wa vichwa akae kwenye foleni na kichwa kibovu cha mwanawe, wateja wamwone? Wote aliowaita masanduku na vibuyu wangelipiza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo kinyozi peke yake angeweza kulifikiria. Mtoto alikuwa na nywele nyingi. Akazipunguza za kushoto, akaziacha za kulia zijae, akachonga kwa mkasi kidogo kidogo mpaka kichwa kikaonekana mviringo safi. Kila wiki alikirekebisha. Ukweli usemwe, kazi ilikuwa nzuri. Siku ya kupima uzito nesi alisema, "Ana kichwa kizuri huyu!" Mama alifungua mdomo, lakini nesi alishaita mwingine, na Mstari akamkata mkewe jicho la ushindi.

Miezi miwili ikaenda hivyo. Wakati wa kuoga tu, nywele zikilowa na kulala, mama alikiona kichwa chenyewe, na hasira ikampanda upya kila jioni. Mwishowe hakumwuliza mtu. Alimbeba mtoto mgongoni akaenda hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mstari alipoona mtoto hakuletwa, alijua. Akafunga saluni akawafuata, kitambaa cha kunyolea kingali begani, roho juu, amejiandaa kwa ugomvi.

Mtaalamu alikuwa mama mfupi asiye na mzaha. Alilowesha kiganja, akakipitisha kisogoni, akakunja uso.

"Nani amemnyoa huyu?"

"Mimi," alisema Mstari, na maskini alidhani anasifiwa.

"Basi umeficha tatizo kwa mkasi, baba. Fuvu la mtoto ni laini, linafuata anavyolala. Sasa ana miezi mitano, mfupa unaanza kukomaa na shingo imekaza." Alimgeuza mtoto uso kushoto, polepole, na mtoto akapiga ukelele. "Mchana kutwa huko kulia anatazama nini?"

Mke alikuwa na jibu tangu zamani. Hakulitoa.

"Mjibu daktari," alimwambia mumewe.

 Kulia kwa kitanda kulikuwa na kiti cha kunyolea, na nyuma ya kiti, kutwa nzima, alisimama yeye.

"Ananitazama mimi," alisema.

"Basi kaa kushoto. Akikutaka, ageuke. Usingizi ni chali kama kawaida, lakini akiwa macho mlazeni kifudifudi mkimwangalia. Shingo nitawafundisha kuinyoosha. Na hizo nywele zitoke zote, nipime kichwa. Sitaki kupima ufundi wako."

"Kitarudi?"

"Kitarudi kiasi. Chote siahidi. Ungemleta akiwa na miezi mitatu, ningekuahidi."

 Walipofika saluni, Mstari alikihamishia kitanda ukuta wa pili, kiti kikawa kushoto kwa mtoto. Kisha akamnyoa mwanawe mbele ya wateja, na kila kishungi kilichoanguka kilifunua ubapa ule zaidi. Yule mtu wa sanduku alikuwepo, na ndevu zake. Alitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akainamisha macho. Mstari angeona afadhali atukanwe.

Mtoto alilazwa. Aligeuka kulia kama alivyozoea, akakutana na ukuta. Akaanza kilio, kwanza kwa kunung'unika, halafu kwa kifua chote. Mstari akanyoosha mikono kumwinua.

"Usimguse," alisema mke kutoka mlangoni. "Alikutafuta miezi yote hiyo na shingo ikapinda. Sasa mwache akutafute upande huu."

Mstari akarudi nyuma ya kiti. Kiti kilikuwa kitupu, lakini aliiwasha mashine, akasimama nayo mkononi ikinguruma, akasubiri ile shingo ndogo igeuke.