Mbwa Aliyekataa Jina Lake

Nimepita nchi nyingi ambako mbwa huitwa Simba au Tomi, na jina halimgusi mtu. Huku Impendle, chini ya milima ya Natal, mambo ni mengine. Mwanamke aliyeolewa hainui sauti mbele ya kaka wa mumewe, wala hatamki jina lake. Akiwa na neno la kumwambia, hufuga mbwa, akampa neno hilo liwe jina, kisha akamwita kila asubuhi huku uso ameuelekeza kwenye ua wa jirani.

MaShezi, mjane wa miaka hamsini na tisa, alimwita mbwa wake Banomona, yaani "wana wivu". Kaka wa marehemu mumewe, mzee Zondi, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya seng'enge, aliielewa barua hiyo siku ileile. Naye akatafuta mbwa, akamwita Zibheke, "jitazame". Kwa miaka minne watu hao wawili hawakugombana hata mara moja. Waliogombana ni mbwa.

Halafu mwanzoni mwa baridi Banomona aliruka seng'enge, akawatimua mbuzi wa Zondi, na jike mmoja akaporomoka korongoni akavunjika mguu. MaShezi alisimama uani akiita "Banomona! Banomona!" hadi koo likakauka. Mbwa hakugeuza hata sikio.

Kesi ikafika kwa jumbe, mzee Mchunu, ambaye watu humwita Macingwane kwa heshima ya ukoo wake.

"Mbwa asiyesikia ni fisi mwenye mkia mzuri," alisema Zondi. "Mimi naomba risasi moja tu, Macingwane. Hata ya kwangu nitatoa."

Jumbe alikuna kidevu. "Leo ni Jumapili. Jumapili ya tatu kutoka leo, MaShezi, utamleta hapa. Hana kamba, na mbuzi wapo mbele yake. Ukimwita akirudi, ataishi. Asiporudi, Nondaba atapata risasi yake." Nondaba ndilo jina la sifa la akina Zondi.

"Wiki tatu?" Zondi akacheka. "Mpe miaka mitatu, mzee wangu! Yule ni kiziwi kama anayemfuga."

MaShezi aliinamisha kichwa tu. Wezi walishamsafishia zizi mara mbili tangu mume afe, na mara ya tatu waliondoka mikono mitupu kwa sababu ya meno ya Banomona. Bila mbwa yule, hakuwa na mwingine wa kulala mlangoni pake.

Kitu kimoja Zondi hakukijua. MaShezi alifanya kazi miaka kumi na mmoja mjini Howick kwa Bi Merrick, Mzungu aliyekuwa akifundisha mbwa wa watu. Kazi yake ilikuwa kuosha mabanda na kupika chakula cha mbwa. Hakuna aliyemfundisha lolote, lakini macho hayafungwi geti. Siku ya kuacha kazi walimpa blanketi mbili, naye akaomba kitu kimoja zaidi kutoka kwenye droo: kidude cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, chenye bati ndani. Ukikibonyeza kinalia tik.

Majira yale nilikuwa nimepanga chumba chake cha nyuma, kwa hiyo niliona. Siku ya kwanza hakumwomba mbwa kitu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfukoni ana vipande vya ini alivyovikausha juu ya jiko. Tik, ini. Tik, ini. Siku ya pili mbwa alikuwa akisikia tik tu, mate yanamdondoka.

Ndipo akaliita jina, taratibu kabisa. "Banomona."

Mbwa, ambaye sekunde ile alikuwa akimlamba vidole, alifyata mkia akajipenyeza chini ya mkokoteni. Akaliita tena. Mbwa akarudi nyuma zaidi. Mara ya tatu yalionekana macho tu.

MaShezi alirudisha ini mfukoni.

"Nimeliharibu mwenyewe," alisema. "Miaka minne nalitupa hili jina ng'ambo ya seng'enge kama jiwe. Yeye anajua ni jiwe."

"Sasa utamwitaje?"

"Phuthu."

Phuthu ni ugali mkavu wa chengachenga unaoliwa hapa kila siku ya Mungu. Nikacheka.

"Cheka, mwanangu. Lakini niambie, nani amewahi kugombana na ugali?"

Akaanza upya. Kwanza ndani ya nyumba, kisha uani, kisha karibu na kuku, mbwa akiwa na kamba ya hatua ishirini. "Phuthu!" Shingo inageuka, tik, na ini linafuata. Ufundi wote ulikuwa hapo kwenye shingo. Hakungoja mbwa afike miguuni ndipo abonyeze. Alibonyeza pale mbwa alipoamua kugeuka. Siku moja kidole kilichelewa. Tik ililia wakati mbwa ameshawageukia kuku tena, naye akaelewa kwamba kukodolea kuku macho ndiko kunakotakiwa. Kosa hilo la kufumba na kufumbua lilimgharimu MaShezi siku mbili za kulifuta.

Zondi alikuwa akiegemea nguzo ya seng'enge na kikombe chake cha chai.

"MaShezi! Siku hizi unafuga panzi? Tik, tik, asubuhi nzima!"

"Ni saa tu, Nondaba," alijibu kwa sauti ya chini, macho ardhini. "Inahesabu siku."

Jumapili ya tatu kijiji kizima kilikuwa kwa jumbe. Kijana wa Zondi aliyeshika bunduki alisimama kando. Mbuzi tisa waliletwa uwanjani. MaShezi aliomba ruhusa ya kuinuka kwenye mkeka, akafungua kamba. Mbwa akakaa, mwili wote unatetemeka.

Mwanambuzi mmoja akaruka juu. Na hapo hapo Zondi akajaza kifua akapaza sauti:

"Banomonaaa!"

Kwa mbwa yule neno hilo lilikuwa na maana moja tu: ugomvi umeanza. Aliondoka kama mshale, vumbi nyuma yake, mbuzi wakatawanyika. Kijana akainua bunduki.

"Phuthu!"

MaShezi hakupiga kelele. Alilitamka kama mtu anayepakua jikoni. Mbwa alikuwa hewani, miguu yote minne haijagusa chini, shingo ikageuka.

Tik.

Alitua, akateleza, akarudi mbio akaketi miguuni pa MaShezi, mdomo wazi akidai ini lake. Wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wa jumbe wakakimbia.

"Si halali!" Zondi aliruka. "Hilo si jina lake! Amwite kwa jina lake!"

"Jina umeshaliita wewe mwenyewe, Nondaba," alisema jumbe, "mbele ya kijiji kizima. Na lilikuwa linakwenda kula mbuzi wako. Tena hebu tuambie, wenye wivu ni akina nani uliokuwa ukiwaita?"

Uwanja ukaangua kicheko. Hata kijana mwenye bunduki aliishusha ili apate kucheka vizuri.

"Arudie, basi!" Zondi alisema, sauti imekwaruza. "Imetokea kwa bahati tu."

"Arudie," alikubali jumbe.

MaShezi alirudia mara mbili. Mara ya mwisho mbwa alikuwa karibu na beberu kiasi cha kunusa ndevu zake, akaitwa, akamwacha beberu na ndevu zake akaja.

"Mbwa aishi," alisema jumbe. "Na bunduki ikalale."

MaShezi akakunja mkeka wake. Hakuzunguka kwa nyuma, njia ya wanawake. Alipita katikati ya uwanja, katikati ya mbuzi wote tisa, kichwa juu, mbwa ubavuni bila kamba, na wanaume waliokuwa wamesimama njiani wakasogea kumpisha.