Jiko Lililopakwa Rangi

Mithika aliposema jiko lipakwe rangi nyeupe, Karwirwa alimtazama kama mtu aliyependekeza ng'ombe avalishwe soksi.

"Tata, wanunuzi wa siku hizi wanataka mwanga," Mithika alisema. Alikuwa mtoto wa dada yake Karwirwa, ambaye kwake Tata ni mama mdogo, broka wa ploti na nyumba pale Nkubu, mwanaume wa tumbo na simu mbili. "Watu wamekuja wakaenda, hawarudi. Nyumba inanuka moshi."

"Na wewe ulikuwa ukinuka nini ulipokuwa ukila githeri yangu humo ndani?"

"Mimi nauza nyumba, Tata. Siuzi githeri."

Hapo alimweza, kwa maana ilikuwa lazima nyumba ipate mtu kabla shule hazijafunguliwa. Makandi, binti yake wa pekee, alikuwa Embu na watoto wadogo na kazi ya zamu hospitalini, na Karwirwa alikuwa amemwahidi kwenda kukaa naye moja kwa moja. Kupiga kufuli na kuondoka hakuweza. Nyumba za kufuli alishaziona: mchwa wanakula milango, popo wanarithi vyumba. Nyumba ya marehemu mumewe, Naftaly, isingeishia hivyo.

Basi kazi ikaanza. Kalenda za zamani ziling'olewa ukutani, na picha ya harusi pia. Viti vyake vilivyobonyea vilifichwa ghalani, na sofa za Cicily, jirani yake, zikaletwa pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, vimepigwa wanga mpaka vinasimama vyenyewe.

"Mtu akimwaga chai hapo," Cicily alisema, "tutaonana mbele ya pasta."

Sebule ikawa nzuri. Ikawa nzuri kama sebule ya watu wengine.

Lakini jiko. Nyumba ya mawe ilijengwa miaka ile kahawa ilipolipa watu wakachanganyikiwa. Jiko la mbao, lililosimama peke yake uani, lilikuwa limetangulia. Mama mkwe ndiye aliyeleta moto wa kwanza, makaa kwenye kigae cha chungu, ameyakinga upepo kwa leso. Aliyashusha katikati ya mafiga, akamtazama Karwirwa, bibi harusi, akasema tu, "Sasa usiniaibishe." Tangu siku hiyo moto ule haukuwahi kufa. Jioni Karwirwa aliyazika makaa kwa jivu, asubuhi aliyafukua. Kuta ziliiva zikawa nyeusi ya kung'aa, na kuni zikakauka kwenye itara, uchaga wa fito juu ya moto. Hapo ndipo Naftaly alipokuwa akikaa kwenye kigoda mvua ikipiga mabati, viatu vinanuka maganda ya kahawa, anachoma mahindi na kumdanganya Makandi kwamba aliwahi kusalimiana na chui mtoni Thingithu. Makandi aliamini mpaka darasa la sita.

Mafundi walisugua masizi kwa sabuni na brashi ya chuma. Walizoa jivu, wakayaosha mafiga, wakayapanga kando ya ukuta kama wageni waliokosa viti. Moto aliuzima mwenyewe, kwa maji, uso ameugeuza pembeni. Siku zote hizo akawa anapikia kwa Cicily.

Mwalimu Riungu, mstaafu, akaja na mkewe Ednah kuitazama nyumba. Mwalimu alisifu sofa, akasifu tangi la maji, akakaribishwa chai ya chupa. Ednah hakukaa. Alienda moja kwa moja jikoni, akainama, akaweka kiganja chake pale moto unapostahili kuwa.

"Mama, hapa moto ulizimwa lini?"

Karwirwa alifungua mdomo, Mithika akamtangulia. "Ni jiko jipya kabisa, mama. Halijapikiwa hata siku moja."

"Nyumba ya umri huu haijapikiwa? Waliokaa hapa walikuwa wakila upepo?"

Alijifuta mkono kwenye sketi na kumwita mumewe. Chai ikaachwa inatoa mvuke.

Mithika alifikiri ni tatizo la rangi. Karwirwa alijua. Mwanamke yeyote wa milima ile akikuta jiko baridi lililosafishwa hivyo, hahitaji kuelezwa: hapa pana msiba, au mke aliyefukuzwa, au jambo linalofichwa. Angekuwa yeye, angetoka mbio kumshinda Ednah. Ndiyo maana hasira yake haikuwa ya Mithika peke yake.

"Tata, mimi nilijaribu..."

"Rudisha sofa za watu. Huo mgongo hukupewa wa kubebea simu tu."

Akatafuta kigae, akavuka ua kwenda kuomba moto kwa Cicily.

"Unaomba chako," Cicily alisema, akichokoa makaa kwa kijiti. "Nilipoolewa hapa nani alinipa? Nimekuwa nikikutunzia tu."

Karwirwa aliinamisha kigae kupokea makaa, na maneno hayo Cicily aliyasimulia kanisani mwezi mzima.

Aliyarudisha mafiga mahali pake, akapika kwa kuni mbichi makusudi, macho yanachuruzika, mpaka ukuta mweupe ukaanza kushika rangi ya chai. Akarudisha na picha ya harusi ukutani. Kisha akatuma neno: Ednah aje peke yake, anywe uji, hakuna kinachouzwa.

Ednah aliuona moshi tangu barabarani. Aliingia, akakivuta kigoda cha Naftaly bila kukaribishwa.

"Kumbe kuna mtu hapa," alisema. "Mbona mlinidanganya?"

"Alidanganya mtoto wa dada yangu. Mimi nilimshikia ngazi."

Ednah alicheka mpaka uji ukamwagika. Akauliza Naftaly alizikwa wapi, akaambiwa kwenye shamba la ukoo wake, juu huko. Akauliza moto ulitoka kwa nani, akaambiwa.

"Mwalimu anataka jiko libomolewe, tuweke gesi," alisema.

"Na wewe?"

"Mwalimu hajui hata chumvi inakaa wapi."

Siku ya kuhama, nyumba imeshauzwa kwa Ednah na mumewe, Mithika akifunga mizigo kwenye pikapu, Karwirwa aliingia jikoni mara ya mwisho. Mkono wenyewe ulichota jivu ili uyazike makaa, kama kila siku ya maisha yake.

"Acha," Ednah alisema nyuma yake. "Nataka kuchemsha maji."

Karwirwa alisimama na jivu mkononi. Halafu akaliachia taratibu kando ya mafiga, akapangusa viganja, akamtazama yule mwanamke akisukuma kuni ndani.

"Sasa usiniaibishe," alisema, akatoka.