Moto ya marehemu imekataa kuuzwa

Nisaidieni, kichwa yangu haiko sawa leo.

Jirani yangu Mama Béa aliniletea moto, pikipiki ya marehemu bwana yake, Papa Béa. Moto ya zamani, ile ya kuchanganya essence na huile, petroli na oili, pamoja. Alitaka kuiuza atengeneze paa inayovuja.

Bon, nimesafisha carburateur, nimebadilisha bougie, ile plagi ya kuwasha, ikawaka.

Mununuzi akakuja toka Banalia. Akapanda, akakanyaga kiki kwa uvivu, akatia vitesse, gia ya kwanza.

Moto ikaenda NYUMA. 😳

Nyuma kabisa, na mutu juu yake, mpaka ikagonga mulango ya Mama Béa.



Mama Béa akashika guidon, usukani wa moto, machozi yanatoka: "Papa Béa amekataa. Haiuzwi tena."

Mununuzi hakubisha. Alikimbia!

Mimi fundi, najua sababu. Kiki ikikosa nguvu, motor za namna ile zinaweza kuwaka zikizunguka kinyume. Unazima, unakanyaga tena kwa nguvu, inaisha.

Nikafungua kinywa nimwambie.

Akanitangulia: "Asante, mwanangu. Tangu tumuzike, sijamusikia hata siku moja, mpaka leo."

Donc... ninyi mungemwambia ukweli?