Mzabibu Dume Uliogeuzwa Kuni

Jua halijachomoza vizuri, ukungu bado umeulalia msitu wa kando ya mto Alazani, na Tsiala Mosiashvili tayari yuko kwenye ngazi, kichwa kimezama katika majani ya mzabibu mwitu ulioukwea mti hadi kileleni. Chini, mumewe Zaur ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Unaona kitu?"

"Naona mume asiyejua kushika ngazi. Acha kuitikisa!"

Tsiala, mwenye miaka hamsini na minane, ni mlinzi wa msitu huu. Mshahara wake unaishia kwenye unga na dawa, lakini kinachomkosesha usingizi ni mzabibu huu. Mama yake alichuma hapa zabibu ndogo, nyeusi, chachu, za kupikia mchuzi. Sasa ni mwaka wa tatu hauzai, na kila mafuriko mto unamega ukingo na kuisogelea mizizi yake.

Mkosaji anajulikana. Mizabibu mwitu ina dume na jike, na dume hutoa maua tu, ila bila chavua yake jike halizai. Pasaka moja Zaur alitaka kuni za kuchomea nyama, na hapa mkoani Kakheti nyama isiyochomwa kwa fito za mzabibu haihesabiki kuwa nyama. Akalikata dume lililokuwa jirani.

"Niliona halizai, nikajua ni vivu tu," anajitetea.

"Ukamchoma mvivu mwenzako," Tsiala anamjibu kutoka juu.

Wageni waliisifu nyama ile. Tsiala alipokikuta kisiki alilia, na wiki nzima hakumsemesha mumewe.

Vipandikizi alivyochukua kwa jike ili avipande mbali na mto vilikauka vyote. Basi mwezi uliopita, maua yalipofunguka, Zaur alitembea kutwa kulifuata dume jingine huko juu ya mto, akarudi na kikapu cha maua. Tsiala akapanda, akayakung'uta taratibu juu ya maua ya jike. Zabibu zisiposhika safari hii, mto hautasubiri nyingine.

Leo wanatazama.

"Zaur," sauti ya Tsiala inashuka, imepoa. "Zimeshika. Ndogo kama punje za mtama, lakini zimeshika."

Zaur anafuta macho kwa bega. Mikono haiachii ngazi.

Zabibu zikiiva, Tsiala atazipanda mbegu kule juu, mafuriko yasikofika. Itachukua miaka kujua mche upi ni jike na upi ni dume.

"Majike nitayalinda mimi," anasema akishuka. "Madume yote utayalinda wewe, Zaur. Na Pasaka tutakula maharage."