Kona ya Bi Mkubwa

Ng'ombe hazeeki maini, husema watu. Haya, waje wamwone paka wa mama fundi cherehani! Miaka kumi na minane, miguu ya nyuma anaiburuza, manyoya yameshikana. Wateja walimwita Bi Mkubwa, maana miaka yote alilala kwenye kikapu cha vitambaa chini ya cherehani, konani, na hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Aliyemhamisha ni fundi mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamefifia na mishono inakwenda upogo, akataka mwanga. Akasogeza cherehani dirishani, pamoja na kikapu na karai la mchanga la haja za paka. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa akawa anasimama mbele ya kona tupu, analia mchana kutwa, kisha anakojoa papo hapo. Juzi akakojolea suti ya mteja iliyowekwa pale. Fundi alichoka, jamani, alichoka hadi mifupani. Akadhani ni jeuri, akamfungia jikoni, na kilio kikazidi.

Binti yake, anayekuja kila Jumamosi kumpigia pasi, akasema basi, aitwe daktari wa mifugo, paka achomwe dawa alale moja kwa moja. Hakuwa na roho mbaya. Alimwonea mama yake huruma. Fundi akakubali huku akitazama pembeni.

Daktari akaja, akammulika Bi Mkubwa machoni, akamwacha atembee. Akauliza pale konani palikuwa na nini, wakamweleza.

"Haoni, na kumbukumbu zinamtoka," akasema. "Nyumba anaijua kwa miguu. Ninyi mmemhamishia nyumba."

Akaongeza kwamba uzee hauna tiba, na ile dawa anayo mkobani, waamue wenyewe. Fundi akaenda dirishani. Kisha akashika meza ya cherehani upande mmoja.

"Mama, kule hutaona kitu," binti akasema.

"Shika huko, mwanangu."

Wakairudisha, na kikapu chini yake, na karai pembeni. Daktari akafunga mkoba wake, akaaga. Bi Mkubwa akaja akipapasa, akanusa kikapu, akajitupa ndani, akalala.

Fundi akachukua sindano amalizie pindo la suti. Akalenga tundu mara tatu, mara nne, uzi ukapita kando. Machozi yakamlengalenga, ya uchovu tu. Binti akaichukua sindano mkononi mwake, akaitunga uzi. Halafu akavuta kiti, akaanza kutunga nyingine, moja baada ya moja, akizichomeka kwenye kimto, za kutosha hadi Jumamosi.