Kikopo cha Redoni

Jirani yangu hapa Rhotia, dereva mstaafu wa watalii, bado anatembeza wageni, ila siku hizi ni ndani ya nyumba yake mpya. "Kushoto kwenu ni marumaru," anasema, huku akigonga ukuta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Mtalii mmoja wa zamani alimletea kikopo cha kupimia redoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayopanda kutoka ardhini na kudhuru mapafu polepole. Unakifungua sebuleni, unafunga madirisha siku tatu, kisha unakituma maabara. Mwezi wa tatu huu kipo juu ya kabati, na nailoni yake haijatolewa. "Nyumba ina mwaka mmoja, gesi imeingia lini?" huuliza, akikipangusa vumbi kwa kiganja. "Mimi hata presha sijawahi kupima, ndiyo maana sina."

Ila madirisha yake sasa hayafungwi. Julai yote hii ukungu unaingia mpaka sebuleni, naye anatukaribisha chai akiwa na koti zito na kofia ya sufu. Anasema anapenda mandhari. Juzi alikuwa ananihakikishia, "Mwalimu, humu ndani hakuna..." mara mkewe, Blandina, akitetemeka kwa baridi, akafunga dirisha. Jirani akanyamaza hapo hapo, mashavu yamejaa pumzi, macho yamemtoka, kidole kinaonyesha dirishani. Blandina akamimina chai taratibu mpaka kikombe kikajaa, ndipo akafungua.

"...gesi," akamalizia, akihema.